Chanzo Kabla ya Kisu

Mtoto mchanga anapolia kwa nguvu, wote waliomo kwenye chumba cha kujifungulia hupata faraja, kwa sababu kilio ni ushahidi kwamba hewa inaingia na kutoka. Ushahidi huo ni wa kweli karibu kila mara. Lipo hata hivyo tatizo moja la kuzaliwa nalo linaloufanya upotoshe: kupooza kwa nyuzi zote mbili za sauti. Nyuzi hizo zikipooza, mara nyingi hubaki zimelala karibu na katikati ya zoloto, na kwa kuwa zimesogeleana, hewa inayotoka mapafuni huzitetemesha kama kawaida. Kilio hutoka kikali na safi. Balaa liko kwenye pumzi inayoingia. Badala ya nyuzi kuachana kwa umbo la herufi V, unabaki mwanya mwembamba, na mtoto anapovuta pumzi husikika mlio mkali wa kukwaruza, kifua kinabonyea chini ya mbavu, pua zinatanuka, na anaponyonya hulazimika kuachia ziwa kila baada ya mafundo machache ili apate hewa. Mtoto aliyepooza uzi mmoja tu ana dalili nyingine kabisa: anapumua vizuri, lakini kilio chake ni dhaifu na cha pumzi nyingi, na maziwa humpalia mara kwa mara kwa sababu njia ya hewa haifungiki sawasawa anapomeza. Hivyo basi mzazi anayesikia sauti nzuri anaweza kuwa na mtoto aliye hatarini zaidi kuliko mwenzake anayesikia sauti mbovu.

Nadai katika sura hii kwamba kupooza huko ni dalili, na kwamba kwa muda mrefu kumeshughulikiwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye tiba moja. Swali lililotawala limekuwa la ufundi: tufanyeje ili mwanya upanuke? Ni swali la lazima, maana mtoto asiyepata hewa hana muda wa kungoja maelezo. Likiachwa peke yake, hata hivyo, huwapeleka kwenye upasuaji watoto ambao wangepona bila kukatwa, na huwanyima wengine dawa ambayo ingewafaa. Utafiti wa miaka ya karibuni, ukisomwa kwa makini, unaelekeza kwenye swali lililotangulia hilo la ufundi: kwa nini nyuzi hizi hazisogei? Jibu lake ndilo linalomwonyesha daktari afanye nini, na pia ajiepushe na nini.

Tuanze na njia ya neva, kwani hapo ndipo unyonge wa mfumo mzima unapoonekana. Amri ya kufungua na kufunga nyuzi za sauti hutoka kwenye shina la ubongo na kushuka shingoni ndani ya neva kubwa iitwayo vagasi, lakini tawi linalohusika haliingii kwenye zoloto moja kwa moja. Hulipita, huteremka hadi kifuani, na kwa upande wa kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha hupanda tena shingoni. Tawi la kulia huzungukia mshipa wa damu unaoelekea mkononi. Safari hii ndefu ni urithi wa siku za mimba changa: moyo wa kijusi hujengeka karibu na shingo, halafu hushuka kifuani ukiiburuta neva pamoja nao. Kwa twiga wa mbuga zetu neva hiyo husafiri zaidi ya mita 4 ili kufika kwenye zoloto ambalo haliko mbali na ubongo. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alizikata neva hizo mbele ya watazamaji kwenye shingo ya nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, na nguruwe akanyamaza papo hapo huku akiendelea kuhangaika. Alithibitisha kwamba sauti inategemea uzi mwembamba wa neva. Jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua ni jinsi uzi huo unavyoweza kukatizwa mahali pengi: kwenye ubongo, chini ya fuvu, shingoni, kifuani, pale neva inapokutana na msuli, au ndani ya msuli wenyewe. Kwenye kamera ya daktari, hitilafu zote hizo zinafanana.

Kuna jambo la pili la kimaumbile ambalo litatusaidia mbele. Misuli kadhaa ya zoloto kazi yake ni kufunga, lakini ni jozi moja tu, iliyo upande wa nyuma, inayofungua. Amri za kufunga na za kufungua hupita ndani ya neva ile ile, na zile za kufunga ndizo nyingi. Neva ikiumia kisha ikaota upya, vichipukizi vyake huweza kukosea njia, vya kufunga vikaingia kwenye msuli wa kufungua na vya kufungua vikaingia kwenye misuli ya kufunga. Mtoto akivuta pumzi, misuli yote hukaza kwa pamoja, ikivutana pande mbili, na uzi wa sauti hautikisiki. Zoloto la namna hiyo halijakosa neva. Lina neva inayojipinga yenyewe, na msuli wake uko hai. Lingine linalofanana nalo kabisa kwa macho halipati ishara yoyote na misuli yake inazidi kunyauka. Kuwaita watoto hawa wawili kwa jina moja na kuwapa tiba moja ni kosa ninalotaka tuliangalie kwa karibu.

Uchunguzi wenyewe hufanywa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani mtoto akiwa macho. Amefungwa khanga, mikono ikiwa ndani, muuguzi ameshika kichwa, na kwenye kioo inaonekana mistari miwili myeupe iliyokutana upande wa mbele. Kwa mtoto mwenye afya, kila pumzi inayoingia huiachanisha. Hapa pana mtego unaowanasa hata mabingwa. Mtoto aliyepooza akivuta pumzi kwa nguvu, hewa inayopita kwa kasi huzifyonza nyuzi zilizolegea zikakaribiana; akitoa pumzi, shinikizo huzisukuma zikaachana. Mtazamaji anaona mwendo, na anaweza kuandika kwamba hakuna tatizo. Mwendo upo kweli, ila ni kinyume cha unavyotakiwa kuwa, na hautokani na msuli. Ndiyo maana wachunguzi waangalifu humweka mtu wa pili akiwa ameshika kifua cha mtoto na kutaja kwa sauti, "anavuta, anatoa," ili anayetazama kioo aoanishe anachokiona na pumzi halisi. Baadaye, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, daktari hugusa viungo vidogo vya nyuma ya nyuzi kuhakikisha kwamba havijagandishwa na kovu, kwa kuwa kiungo kilichoganda na msuli uliopooza havitofautiani kwa kuvitazama tu.

Makosa mengine hutokea hata kabla ya kamera. Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ya mlio huu kwa watoto wachanga ni zoloto lililo laini mno, ambalo kwa wengi hukomaa lenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka 2. Mzazi huambiwa asubiri, na ushauri huo ni sahihi kwa walio wengi. Mtoto ambaye mlio wake ulianza siku ya kuzaliwa, au unasikika hata akiwa ametulia, au ambaye midomo yake inageuka bluu, hapaswi kuhesabiwa kwenye kundi hilo bila kamera. Wengine hutibiwa nimonia mara mbili na tatu, kisha pumu, kabla ya mtu yeyote kulitazama zoloto.

Sasa tuangalie vyanzo. Mwaka 2000 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walichapisha uchambuzi wa watoto 102 waliokuwa na nyuzi za sauti zilizopooza. Asilimia 43 walipooza kutokana na upasuaji, hasa wa moyo na wa umio, jambo lisilotushangaza tukikumbuka mahali neva ya kushoto inapozungukia. Asilimia 16 walikuwa na tatizo la ubongo au mfumo wa fahamu, asilimia 5 waliumia wakati wa kuzaliwa, na kwa asilimia 35 chanzo hakikujulikana. Takwimu za hospitali moja haziwezi kuuwakilisha ulimwengu mzima, hasa hospitali inayopokea kesi ngumu kutoka kila upande. Hata hivyo zinaonyesha wazi kwamba tunashughulika na watu wa aina nyingi waliokusanywa chini ya jina moja, na kwamba theluthi nzima yao walitibiwa bila mtu kujua wanaumwa nini.

Kundi la ubongo ndilo linaloonyesha thamani ya kujua chanzo kwa namna isiyo na ubishi. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi mara nyingi huwa pia na kichwa kikubwa, na sehemu ya chini ya ubongo wao huwa imeshuka kupitia tundu la fuvu na kubanwa pamoja na shina la ubongo. Neva za zoloto huanzia hapo hapo. Maji yakijaa kichwani na shinikizo likapanda, nyuzi za sauti zinaweza kupooza ndani ya siku chache. Kwa mtoto huyu, kulikata zoloto ni kutibu mahali pasipo na ugonjwa. Anahitaji shinikizo la kichwani lipunguzwe, na likipunguzwa mapema, kabla shina la ubongo halijaharibika, nyuzi huweza kuanza kusogea tena. Hii ni tiba inayopatikana Afrika Mashariki. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alianzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, njia ya kuyafungulia maji hayo kwa kamera huku akiunguza tishu zinazoyatengeneza, hivyo watoto wengi wakaondokewa na haja ya kuishi na mrija wa kudumu kichwani. Njia iliyokomazwa Mbale ilifuatwa baadaye hadi Marekani. Na ukirudi nyuma zaidi kwenye chanzo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki ikitumiwa kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo ilipunguza kwa asilimia 72 kujirudia kwa mgongo wazi na matatizo ya jamii yake kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo. Unga uliorutubishwa kwa foliki haujawahi kuhesabiwa kuwa dawa ya zoloto, lakini kwa baadhi ya watoto ndiyo kinga yenyewe.

Mfano wa pili naona ni wenye nguvu kuliko wote. Mwaka 2006 wanasayansi walibainisha kwamba hitilafu katika jeni iitwayo DOK7 husababisha aina ya udhaifu wa misuli wa kuzaliwa nao: mahali neva inapokutana na msuli hapakomai, na amri haifiki ipasavyo. Miaka minne baadaye, madaktari wa Great Ormond Street waliripoti kwamba kwa baadhi ya watoto wenye hitilafu hiyo dalili za kwanza kabisa zilikuwa mlio wa pumzi tangu kuzaliwa na shida ya kunyonya, wengine wakiwa na nyuzi za sauti zilizopooza, wakati udhaifu wa mikono na miguu ulichelewa kuonekana. Dawa inayowasaidia wagonjwa hawa ni salbutamol, ile ile inayojulikana na kila mwenye pumu, au efedrini; nafuu huja taratibu kwa wiki na miezi. Dawa inayozoeleka kwa magonjwa mengine ya aina hiyo, pyridostigmine, huweza kuwazidishia. Hebu tufikirie maana yake. Watoto wawili wanalala vitanda jirani, wote wana mlio, wote wana nyuzi zisizosogea. Mmoja anafaa kupewa dawa ya bei nafuu iliyopo karibu kila duka la dawa, mwingine dawa hiyo haitamfaa chochote. Kamera haiwezi kuwatofautisha. Kipimo cha jeni kinaweza.

Hali hii haiko peke yake. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi ambamo chembe hai za neva hushindwa kupokea vitamini B2 kutokana na hitilafu ya jeni za kuisafirisha. Kwa kawaida hauonekani siku ya kuzaliwa. Huanza miezi au miaka baadaye, na kupooza kwa nyuzi za sauti huweza kuwa miongoni mwa dalili zake za mapema. Tangu mwaka 2011 imefahamika kwamba vitamini hiyo hiyo ikitolewa kwa kiwango kikubwa huwasaidia wengi wao, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyookoa zaidi. Sidai kwamba watoto wengi waliozaliwa na tatizo hili wana DOK7 au ukosefu wa vitamini B2. Hawana. Nadai kwamba asiyepima hana haki ya kudhani.

Pingamizi la kwanza linatoka wodini, na nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Daktari aliye mbele ya mtoto anayegeuka bluu atasema: nipe njia ya hewa, habari za jeni tutazungumza kesho. Yuko sahihi kabisa. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa kama milimita 5 tu. Kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa huongezeka mara 16 hata pale hewa inapopita kwa utulivu, na mafua madogo yanaweza kumgeuza mtoto aliyekuwa anajimudu kuwa mgonjwa wa dharura. Katika kundi lile la London, zaidi ya nusu ya waliopooza pande zote mbili walihitaji trakeostomi, yaani tundu la shingoni lenye mrija wa kupumulia. Mrija huo umeokoa maisha mengi. Lakini yeyote anayeujua anajua pia gharama yake: mashine ya kufyonza makohozi, umeme usiokatika, mrija wa akiba wa ukubwa ule ule na mwingine mdogo zaidi, na watu wawili nyumbani waliofundishwa kuubadilisha usiku wa manane ukiziba. Mrija ukiziba na asiwepo anayejua la kufanya, mtoto hufa kwa dakika. Kwa hiyo hoja ya dharura ina sehemu mbili. Inatulazimisha tuokoe pumzi kwanza, na hapo sina ubishi. Lakini uzito wa njia tunayoitumia kuiokoa ndio unaotulazimisha tuulize mapema ni nani angeweza kuuepuka mrija, na jibu la hilo linategemea chanzo.

Pingamizi la pili ni la mafundi: kama mwanya ni mwembamba, upanue, mambo yaishe. Njia zipo. Tangu mwaka 1989, Dennis na Kashima walipoeleza namna ya kukata sehemu ya nyuma ya uzi wa sauti kwa leza, mkato huo umetumika kwa watu wazima duniani kote. Wengine huondoa gegedu dogo linalobeba uzi, au huvuta uzi mmoja kando na kuushona hapo. Tatizo ni kwamba mengi ya haya hayarudishiki, na kila milimita inayoongezwa kwenye pumzi hulipiwa kwa sauti na kwa usalama wa kumeza. Kwa mtu mzima ambaye neva yake ilikatwa, biashara hiyo inaweza kuwa ya haki. Kwa mtoto mambo ni tofauti, maana tafiti nyingi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto waliozaliwa na kupooza kusikojulikana chanzo, nusu au zaidi, hupata mwendo tena bila kukatwa, wengi wao katika miaka ya kwanza. Uchambuzi wa London ulirekodi mtoto aliyepata mwendo baada ya miaka 11. Ukimkata mtoto kama huyo akiwa na miezi 6, unamwachia kasoro ya kudumu kwa tatizo ambalo lingepita.

Nakiri kwamba fani hiyo ya kupanua imepiga hatua inayostahili heshima. Michael Rutter na wenzake wa Cincinnati walianza kuikata kwa kamera pete ya gegedu iliyo chini ya nyuzi, mbele na nyuma, kisha kuitanua kwa puto na kumwacha mtoto na mrija kupitia puani au mdomoni kwa takriban wiki mbili hadi kidonda kipone kikiwa wazi. Nyuzi zenyewe haziguswi, na watoto kadhaa wameepushwa trakeostomi kwa njia hiyo. Wengine huongeza kipande cha gegedu la ubavu upande wa nyuma. Naona huu ndio upasuaji wa kupanua unaoheshimu uwezekano wa mtoto kupona mwenyewe. Hata hivyo haumfai kila mmoja: mtoto ambaye humeza vibaya kwa sababu ya tatizo la ubongo, akipanuliwa njia ya hewa, hupaliwa zaidi. Tunarudi pale pale kwenye chanzo.

Pingamizi la tatu husema kwamba tukitafuta sana tutaambulia patupu, kwani kundi kubwa la waliozaliwa hivi halina chanzo kinachojulikana. Hapa naomba tutazame macho. Kwa miaka mingi watoto waliozaliwa wakiwa hawawezi kugeuza jicho upande fulani walidhaniwa kuwa na misuli mibovu. Elizabeth Engle na wenzake wa Boston walizichunguza familia zao na kuonyesha kwamba kwa wengi wao misuli haikuwa chanzo. Neva ndizo zilizoshindwa kukua au kupotea njia zilipokuwa zikijengeka tumboni. Jeni ya KIF21A ilitajwa mwaka 2003, ya CHN1 mwaka 2008. Baadhi ya watafiti wa zoloto sasa wanauliza kama waliozaliwa na nyuzi zilizopooza ni ndugu wa watoto hao. Swali hilo lina msingi: familia ambamo kupooza kwa nyuzi za sauti hurithiwa zimeelezwa tangu miaka ya 1960, na neva ya zoloto, kama za macho, hutokea kwenye shina la ubongo. Neno "haijulikani" katika jalada la mgonjwa linaeleza upeo wa vipimo vyetu vya mwaka ule, na vipimo hubadilika.

Jibu la swali hilo litaamua hatima ya tiba mbili zinazotazamiwa zaidi. Ya kwanza ni kuunganisha neva upya. Wazo si geni. Charles Frazier wa Philadelphia aliripoti mwaka 1924 jinsi alivyounganisha neva ya shingoni na ile ya zoloto. Leo, kwa mtoto aliyepooza upande mmoja, muungano wa aina hiyo hauurudishii uzi mwendo, ila huupa unene na ukakamavu, na sauti hukua pamoja na mtoto. Kwa pande mbili kazi ni ngumu zaidi. Jean-Paul Marie wa Rouen, Ufaransa, huchukua tawi la neva inayoendesha kiwambo, ule msuli mkubwa unaotenganisha kifua na tumbo, na kulipeleka kwenye misuli inayofungua zoloto, huku tawi jingine la shingoni likipelekwa kwenye misuli inayofunga. Uzuri wake uko kwenye wakati: neva ya kiwambo hutoa amri kila tunapovuta pumzi, na huo ndio wakati hasa nyuzi zinapotakiwa kufunguka. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo matokeo hungojwa kwa miezi. Wengi waliofanyiwa ni watu wazima walioumia neva kwa upasuaji wa tezi ya shingo. Watoto ni wachache. Na kwa aliyezaliwa hivi, iwapo msuli wake wa kufungua haukuwahi kujengeka vizuri, neva mpya itafika mahali pasipo na wa kuipokea.

Ya pili ni kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini na kuuamuru msuli ufungue kila pumzi inapoingia. David Zealear wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliufanyia wazo hili kazi kwa miongo mingi kwa wanyama, na mwaka 2016 kundi la Andreas Müller wa Gera, Ujerumani, lilichapisha jaribio la kifaa kamili kwa watu 9, wote wazima. Pumzi iliongezeka bila sauti kuharibika, jambo ambalo mkato wa leza hauwezi kuliahidi. Lakini kifaa hicho hutegemea neva iliyo hai, hata iwe imepotea njia. Penye neva iliyochanganyikiwa kina kazi ya kufanya. Pasipo na neva hakina. Wanaotaka kuyahamisha matokeo haya moja kwa moja kwa watoto wachanga wanasahau kwamba mtu mzima alizaliwa na zoloto kamili likaja kuumia, ilhali mtoto huenda hakuwahi kuwa nalo.

Limebaki pingamizi la uchache na umaskini. Makadirio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 1994 yaliweka kupooza kwa pande mbili kwa kuzaliwa nako chini ya kesi moja katika kila vizazi milioni moja, na mtu anaweza kuuliza kwa nini nchi zinazohangaika na malaria na nimonia zijali. Makadirio hayo yanawahesabu waliofikishwa mbele ya kamera. Mtoto aliyekufa kwa "nimonia" akiwa na wiki tatu hayumo. Na sehemu kubwa ya ninachokidai si ghali. Kupima mzunguko wa kichwa, kuutazama mgongo, kuuliza kama kuna ndugu aliyezaliwa na mlio huo huo, kumweka mtu wa kutaja pumzi wakati wa kamera: yote haya hayahitaji mashine mpya. Kipimo cha jeni kina gharama, lakini hufanyika mara moja, wakati mrija wa shingoni una gharama kila siku.

Mvutano mmoja bado haujatatuliwa, na ni wa muda. Ukingoja miaka miwili ili mtoto apone mwenyewe, huenda msuli usiopata ishara ukawa umeshanyauka kiasi cha kutofaa kuunganishiwa neva. Ukiharakisha, unamkata ambaye angepona. Kipimo cha umeme wa misuli kinaweza kusaidia kuwatenganisha, kwani husikiliza kama msuli uko kimya, unapokea amri, au unapokea amri zinazopingana. Kwa mtoto mdogo kipimo hicho huhitaji dawa ya usingizi, na ndiyo maana wengi hawafanyiwi. Naona kila hospitali ya rufaa inayomlaza mtoto usingizi ili kulichunguza zoloto lake ingetumia usingizi huo huo kupima umeme wa misuli na kuchukua damu ya vinasaba, ili majibu yawepo kabla ya mtu kuamua kukata gegedu. Mtaalamu wa usingizi anapaswa kuambiwa mapema asitumie dawa za kulegeza misuli, kwa sababu zikishaingia mwilini kipimo hakina cha kusoma.